Bahasha Zilizowekewa Mikono

Jumamosi ile Fundi, mshonaji wa sare za shule, aliamka anaimba, na waliomjua walijua kuna jambo, maana sauti ya kuimba hakujaliwa, na mwenyewe hakuwahi kumlaumu Mungu kwa hilo. Alipiga pasi sare tatu za wateja akiimba. Alimvalisha kitindamimba wake gauni akiimba, mguu wa mtoto ukaingia kwenye mkono wa gauni, mtoto akalia, kisha wote wawili wakacheka, akamvua akaanza upya.

"Mama Profesa," mumewe alimwita kutoka mlangoni, boksi la spana mkononi, "huo wimbo una mwisho?"

"Unaisha Jumatatu saa sita mchana, kalamu zikiwekwa chini."

"Basi mimi nitarudi Jumanne," alisema mumewe, akaenda zake. Alikuwa fundi bomba, mtu wa maneno machache, aliyezoea kutega sikio ukutani asikie maji yanapita wapi kabla hajavunja.

Jumatatu ilikuwa siku ya Hesabu, mtihani wa kwanza wa kumaliza sekondari, na nyumba ile ilikuwa na watahiniwa wawili. Wa kwanza alikuwa binti yao mkubwa, mwenye miaka kumi na sita. Mtaa mzima ulimwita Profesa tangu siku alipomsahihisha mhubiri mgeni idadi ya mitume, akiwa na miaka mitano, tena kwa sauti. Wa pili alikuwa mama yake.

Ndiyo, mama yake. Fundi alitoka shuleni akiwa na miaka kumi na saba, tumbo likimtangulia mlangoni, na ndani ya tumbo hilo alikuwamo huyo huyo Profesa. Akajifunza cherehani, akaolewa, akazaa tena, akashona sare za watoto wa watu mpaka akajua vipimo vya shule nzima kwa kichwa. Miaka miwili iliyopita, baada ya kuomba mwezi mzima na kuogopa miezi mitatu, alijiandikisha masomo ya jioni kwenye madarasa ya chekechea, ambako watu wazima walikalia viti vidogo, magoti yakigusa masikio. Mwanzoni alificha. Alisema anakwenda kuchukua vipimo. Lakini mficha uchi hazai, na siku Profesa alipomkuta jikoni analia juu ya milinganyo, kitunguu hakipo, siri ikaisha hapo. Tangu siku ile meza ya kukatia nguo ikawa dawati la watu wawili. Profesa alimfundisha mama yake milinganyo. Mama alimfundisha Profesa maduara, maana anayekata sketi za mwavuli kwa miaka kumi na mitano nusu kipenyo anakijua hata kabla hajaambiwa kinaitwa hivyo.

Kwa hiyo aliimba. Na saa nane mchana, akiwa amejifunga kitenge chake kizuri, alishika mkono wa kitindamimba, Profesa akashika bahasha mbili, wakaenda kanisani.

Kanisani kwao kulikuwa na desturi moja ya wakati wa mitihani. Kila mtahiniwa alileta bahasha ya kaki yenye jina lake, ndani yake kalamu, penseli na rula. Bahasha zilikusanywa kwenye kapu, kapu likawekwa juu ya meza ya mbele, na Mchungaji pamoja na wazee wa kanisa wakaziwekea mikono na kuziombea. Mwaka mmoja kijana mmoja alitia na bisibisi, maana mtihani wake ulikuwa wa ufundi, na bisibisi nayo ikaombewa bila ubaguzi. Ukishapewa bahasha yako, ulikwenda nayo nyumbani, na kalamu ile hukuitumia kwa kazi nyingine yoyote mpaka chumba cha mtihani.

Mwenye kapu mwaka huu alikuwa Mama Pacha, msusi, rafiki kipenzi wa Fundi. Saluni yake na chumba cha cherehani vilitenganishwa na ukuta wa mbao nyembamba, kiasi kwamba kwa miaka minane wanawake hao wawili walipiga soga mchana kutwa bila kuonana nyuso. Mabinti zake, pacha wawili, nao walikuwa watahiniwa, na walikuwa wamerudia darasa mara mbili.

Mchungaji alipoweka mikono juu ya kapu aliomba kama mtu anayesukuma gari lililokwama. "Bwana, kilichomo humu ndani kibariki. Kizidishe. Wafungulie watoto wako yaliyofungwa."

"Amina," alisema Mama Pacha, kwa sauti iliyowapita wote. Alipompa Fundi bahasha zake mbili, alimbana vidole. "Usifungue hapa," alinong'ona, akitabasamu kama bibi harusi.

Saa kumi jioni Fundi alikuwa peke yake mezani. Kitindamimba alilala kwenye rundo la vipande vya nguo, Profesa alikuwa uani anafua. Alifungua bahasha yake aitazame tu kalamu yake, kama mtu anavyofunua mtoto aliyelala. Pamoja na kalamu ikatoka karatasi iliyokunjwa mara nne.

Aliikunjua, akaona maswali ya hesabu, moyo ukafurahi. Mwalimu wa jioni alikuwa na tabia hiyo ya kuwachomekea wanafunzi mazoezi kwenye mikoba bila kusema. Hata kanisani kanifuata, Fundi akawaza. Akachukua chaki ya kukatia. Swali lililokuwa juu lilihusu bustani ya duara iliyozungukwa na njia: tafuta eneo la njia. Akacheka. Hiyo njia si pindo la sketi? Akaandika kwenye kitambaa cheusi kilichokuwa mezani, akatoa duara dogo ndani ya duara kubwa, akakokotoa, akapata namba nzima isiyo na mkia. Alijipigia makofi kimyakimya ili mtoto asiamke. Miaka miwili iliyopita swali kama lile lingemtoa jasho.

Akaigeuza karatasi atafute majibu nyuma. Nyuma haikuwa nyuma. Ilikuwa mbele. Palikuwa na jina la mtihani, tarehe ya Jumatatu, saa, na maneno haya kwa herufi nzito: Usifungue mpaka utakapoambiwa.

Chaki ilimdondoka. Aliishika bahasha ya Profesa, akaipima kwa vidole bila kuifungua, kama anavyopima unene wa kitambaa. Nayo ilikuwa na kitu zaidi ya kalamu.

"Umefungua?" sauti ilipenya kwenye mbao.

"Nimefungua."

"Sema Amina basi."

"Mwenzangu, hiki ni nini?"

"Ni kile tulichokiomba." Mlango wa saluni ukalia, na mara Mama Pacha akaingia, mikono ina mafuta ya nywele, chanuo limechomekwa kichwani. "Sema upesi, nimemwacha mtu na nusu kichwa."

"Umeipata wapi?"

"Shemeji yangu ana rafiki, rafiki ana binamu, binamu anapakia maboksi. Usiulize uji umepikwaje, kunywa."

"Na ukaenda kuitia kwenye bahasha za kanisa."

Mama Pacha alimtazama kana kwamba yeye ndiye aliyekosewa. "Ulitaka niwape watoto kitu ambacho hakijaombewa? Mimi hata dawa ya kikohozi siwapi wanangu kabla sijaiombea. Nimetia kwenye bahasha nne tu: za wanangu wawili, yako, na ya Profesa. Wengine sikuwatia. Ningeweza kuwapa mkononi, lakini nikasema hapana, jambo kubwa hili, lipite mezani kwanza."

"Umemfanya Mchungaji aombee wizi."

"Wizi gani? Nani analia amepotelewa na karatasi?" Kisha sauti yake ikashuka, na mzaha ukamtoka. "Sikiliza, mama. Watoto wa wenye nafasi wanao mtihani huu kwenye simu tangu Alhamisi. Siku hizi kila kitu kinavuja, unajua na mimi najua. Wanangu wamerudia mara mbili. Wakianguka tena, shule haiwataki. Sasa watoto wetu tu ndio waingie mikono mitupu, eti kwa sababu sisi tunasali?"

Fundi aliilaza karatasi mezani, maswali yakitazama chini.

"Na wewe?" Mama Pacha akaendelea. "Miaka miwili unakalia viti vya chekechea. Mungu hakukuona? Amekuona. Ndiyo hiyo bahasha."

"Na nikisema kwa wakubwa?"

Mama Pacha alichomoa chanuo kichwani, akalitazama, akalirudisha. "Ukisema, wanangu hawafanyi mtihani. Na ukuta huu, mimi na wewe, tutaujengea tofali." Akatoka. Baada ya muda sauti yake ikasikika upande wa pili, ikimwambia mteja ainamishe shingo.

Fundi alikaa. Ninyi mnaofikiri mtu wa imani akikutana na jaribu hutimua mbio kama Yusufu, akaacha vazi mikononi mwa mtu, hamjawahi kuwa na karatasi hiyo mezani. Fundi hakukimbia. Aliitamani. Aliitamani kama alivyowahi kutamani embe mbichi akiwa na mimba. Maswali yaliyobaki yalikuwa pale, yamelala kifudifudi, yanahitaji kidole kimoja tu kuyageuza. Alifikiri juu ya cheti chenye jina lake. Alifikiri juu ya binti yake na mlango wa chuo. Na alifikiri juu ya maombi yenyewe, kwa nini kila mwaka wanaomba "wafungulie yaliyofungwa" bila kusema nini hasa kifunguliwe. Kama Mungu anajibu kwa kupitia shemeji na binamu na maboksi, basi wale wa Alhamisi, ambao hawakuomba chochote, walijibiwa na nani? Swali hilo lilimkaa. Lilikuwa gumu kuliko la bustani.

"Mama."

Profesa alikuwa amesimama kwenye pazia, mikono imelowa povu hadi viwiko. Uso wake ulisema amesikia yote. Kuta za nyumba ile hazikuwahi kumficha mtu kitu.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Wewe umeona maswali?"

"Moja. Nilidhani ni zoezi. Nimelifanya." Aliona aibu, akaongeza chini chini, "Nimelipata."

Profesa alikitazama kitambaa cheusi, akaona maduara, akageuza uso haraka kama aliyemkuta mtu anaoga. Alisimama hivyo, akitazama ukutani, akifikiri. Mtoto huyu alikuwa na tabia ya kufikiri kwa kutikisa goti.

"Sasa Jumatatu tukiingia," alisema, "wewe una swali moja mkononi, mimi sina. Ni sawa?"

"Si sawa."

"Basi nionyeshe na mimi hilo moja tu, tuwe sawa. Ukiongeza upande huu, unaongeza na upande ule. Mwenyewe nimekufundisha."

Mtoto alikuwa na hoja, na hoja yake ilikuwa na miguu yote minne. Alimtazama binti yake, shingo ile ndefu, povu likidondoka sakafuni, na ghafla kitu kikamrukia kifuani, chepesi, kama pale uzi unapokubali kupita kwenye tundu la sindano baada ya kukataa mara ishirini.

"Au natoa," alisema polepole.

"Unatoa nini?"

"Mlinganyo. Si lazima uongeze. Unaweza kutoa. Ninakwenda kusema nimeliona, ninatolewa mimi, wewe unaingia hujaona kitu. Pande zote mbili zimekaa."

Goti la Profesa liliacha kutikisika. "Mama, wewe ndiye unayetolewa."

"Wakinitoa, wanitoe. Mwaka ujao upo."

"Umesubiri miaka kumi na saba."

"Ndiyo maana nimeshazoea," alisema Fundi, na akashangaa kujisikia anacheka. Profesa alimkumbatia na povu lake lote, akamlowanisha kitenge kizuri, na kitindamimba akaamka akataka na yeye akumbatiwe.

Mumewe aliporudi, alisimuliwa yote akiwa amesimama, boksi la spana bado mkononi. Alitafakari kwa muda wa kunywa glasi moja ya maji.

"Jambo la kuvunda halina ubani," alisema. "Nendeni mapema, kabla hamjachoka kuwa wema."

Jumapili, ibada ilipoisha, Fundi na Profesa walibisha kwenye ofisi ya Mchungaji, chumba chembamba chenye viti vya plastiki vilivyopandana hadi darini. Mchungaji alisikiliza akiwa anavua koti. Mkono mmoja ulibaki ndani ya koti.

"Niliziwekea mikono hii?"

"Yote miwili, Mchungaji."

"Nikaomba kibarikiwe?"

"Na kizidishwe," alisema Profesa.

Mchungaji alikaa juu ya kiti kimoja, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa koti lililoning'inia. "Hapana, si jambo la kucheka," alijikemea, kisha likamponyoka tena. Aliponyamaza, alikuwa mtu mwingine. Aliwatazama kwa macho mekundu. "Nimeomba juu ya kapu hilo miaka kumi na moja. Sikuwahi hata mara moja kumwambia mtoto kwamba akishindwa bila kuiba, Mungu bado ni wake. Nilidhani wanajua." Akasimama, akavaa koti upya. "Twendeni sasa hivi. Tukikaa dakika kumi, nitaanza kutafuta maandiko ya kunibakiza hapa."

Shule iliyokuwa kituo cha mtihani ilikuwa tupu, isipokuwa msimamizi mkuu, mzee mwenye miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani. Alikuwa anabandika namba kwenye madawati, akilamba gundi ya kila kikaratasi kwa ulimi. Fundi aliweka bahasha mbili mbele yake. Moja ilikuwa wazi, nyingine bado imefungwa.

"Nimeona mtihani wa kesho," alisema. Sauti yake ilitoka juu kuliko alivyokusudia, karibu na furaha. "Hii ya binti yangu haijafunguliwa. Hii ni yangu. Nimesoma swali la njia na bustani. Nimelifanya."

Msimamizi alivua miwani ya usoni, akavaa ya kichwani. "Wewe ni wa nne tangu asubuhi kuniletea karatasi hii," alisema. "Wa kwanza aliiokota barabarani. Wa pili aliiokota barabarani. Wa tatu aliletewa na upepo." Akaiinua bahasha iliyo wazi. "Hakuna aliyeniambia ameisoma. Mnasoma nini huko kwenu?"

"Hesabu," alisema Fundi.

"Ulilipata hilo swali?"

"Nililipata."

"Bila msaada?"

"Ni kama pindo la sketi, mzee."

Mzee aliguna, na mguno wenyewe haukuwa mbaya. Akachukua daftari. "Nani alikupa?"

Fundi aliibana tepu yake ya kupimia, iliyokuwa shingoni hata Jumapili. Akilini, upande wa pili wa mbao, alimwona Mama Pacha, pacha wake wawili, miaka minane ya soga. "Nimeleta kosa langu," alisema. "La mwenzangu nimemwachia alilete mwenyewe. Nampa mpaka kesho."

"Andika kanisa langu," alisema Mchungaji. "Na jina langu liwe la kwanza. Mimi ndiye niliyeziombea."

Msimamizi aliandika kwa muda mrefu. "Njoo kesho kama wengine," alimwambia Fundi mwishowe. "Taarifa inakwenda juu leo hii. Jina lako likisomwa, utafanya. Lisiposomwa, rudi kwenye sketi zako."

Usiku ule Fundi alilala kama kipande cha mbao, jambo lililomshangaza mumewe kuliko yote.

Jumatatu saa moja asubuhi lango la shule lilikuwa limefurika. Nusu ya sare zilizokuwa pale alizishona yeye, akaona pindo moja limefumuka, mkono ukamwasha. Pacha wawili walikuwa wamesimama na mama yao karibu na mlingoti wa bendera uliopinda. Mama Pacha alimwona. Hakutabasamu, hakugeuka pia.

Msimamizi mkuu alipanda juu ya kiti. Alisema Hesabu ya leo imefutwa, kila mahali, kwa watahiniwa wote, na kwamba itafanyika Ijumaa kwa karatasi nyingine. Kishindo kilichofuata kiliwatoa kunguru juu ya paa. Wengine walilia. Mama mmoja nyuma ya Fundi alisema kwa uchungu, "Kuna mtu mdomo wake hauna kifuniko. Ningemjua ningeushona." Fundi alikaza macho kwenye viatu vyake. Kulikuwa na sindano na uzi kwenye mkoba wake wakati huo huo, akajikuta anabana kicheko na machozi kwa pamoja.

"Watahiniwa wa kujitegemea watakaofanya Ijumaa," msimamizi aliendelea, akafunua karatasi. Akasoma majina. Fundi alihesabu pumzi zake. Majina matano. Sita. Tisa. Akaanza kujiambia mwaka ujao upo, mwaka ujao upo. Kisha likasomwa jina zima, majina matatu, ambayo hakuna mtu aliyeyatamka hadharani kwa miaka kumi na saba, na watu wakatazamana kutafuta huyo ni nani, na Fundi naye akatazama pamoja nao.

"Mama," Profesa alimsukuma ubavuni. "Ni wewe."

"Nipo," alisema Fundi. Halikutoka vizuri. "Nipo," akarudia, na safari hii lilisikika mpaka darasa la mwisho, na mzee juu ya kiti akatia alama kwa kalamu bila kuinua uso, lakini mdomo wake ulikuwa umepanda upande mmoja.

Mchana huo huo chumba cha cherehani kiligeuka shule. Siku nne ni siku nne. Fundi alitundika kitambaa cheusi ukutani kwa pini, akasogeza mashine pembeni, akawaita watahiniwa wote wa kanisani waliotaka kuja, akamkabidhi Profesa chaki. Watoto walikaa juu ya marobota ya vitambaa, juu ya ndoo zilizopinduliwa, mmoja akakaa juu ya meza ya pasi akakemewa. Mumewe aliahirisha bomba la mtu ili amshike kitindamimba. Kelele zilikuwa za kutosha kuezua paa.

Ukuta wa mbao uligongwa mara mbili.

"Mnanipigia kelele," ilisema sauti.

Fundi alisogea karibu na mbao. "Tunafanya milinganyo."

Maji yakamwagwa kwenye beseni upande wa pili.

"Mchungaji alikuja kwangu jana," sauti ikasema. "Alianza na Mwanzo. Alipofika Kutoka nikamwambia baba, pumzika, chukua hizo karatasi. Leo baada ya kutawanyika nilimfuata huyo mzee wa miwani mbili, nikamwambia ni mimi."

"Akasemaje?"

"Ameandika. Nitaitwa. Amesema wanangu wasiadhibiwe kwa kosa langu, karatasi yenyewe imefutwa." Beseni likaburuzwa. "Walikuwa wameshaikariri yote, unajua? Mpaka na kosa la uchapaji. Nimewauliza wanieleze walichokariri, hakuna aliyeweza."

"Walete."

"Sijakusamehe."

"Najua."

"Nawaleta wao tu. Mimi nina mteja."

Mlango wa saluni ukalia. Pacha waliingia wa kwanza, wamebeba benchi la wateja, wameinamisha nyuso. Profesa aliwasogezea nafasi mbele kabisa bila kusema neno, akampa chaki pacha mdogo. Mama Pacha alibaki kizingitini, chanuo mkononi, akitazama juu ya vichwa vya watoto kama mtu aliyepita tu.

"Kaa," Fundi alimwambia.

"Nimesema sikai."

Pacha mdogo aliandika mstari wa kwanza, ukawa sawa. Akaandika wa pili, akakosea, akageuka kumtazama mama yake kwa hofu. Profesa alifuta kwa kiganja. "Tena," alisema, "polepole, mtihani ni Ijumaa." Pacha akaanza upya. Safari hii, chaki ilipofika mstari wa pili, Mama Pacha alikuwa ameshavuta ndoo, ameikalia, na anamsukuma kando mume wa Fundi, ambaye alikuwa anamziba asione.